Vanishi au mafuta? Uliza kwanza sakafu itatengenezwa vipi ikichakaa

MTU anapojenga nyumba hapa Bujumbura, hesabu zake nyingi huishia kwenye msingi, matofali na bati. Sakafu huja mwishoni, mfuko ukiwa umeshatoboka, na kile kitakachopakwa juu ya sakafu huja mwishoni kabisa. Kwa aliyetandika vigae si hoja. Lakini kwa aliyetandika mbao ngumu, uamuzi huo wa dakika za mwisho ndio utakaoamua kama sakafu yake itawafaa wajukuu au itang'olewa kabla mtoto wake wa kwanza hajamaliza sekondari.

Walimu wenzangu na majirani wameniuliza mara nyingi swali moja: "Mwalimu, tupake vanishi au tupake mafuta?" Wananiuliza mimi ninayefundisha Kiswahili kwa kuwa wanajua nilikulia Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Kule msitu ulikuwa mlangoni, na likizo zangu nyingi nilizimalizia kwenye karakana ya mjomba nikisugua vitanda vya mninga. Mwaka 2009 tuliporudi, wapo waliorudi na milango ya mninga juu ya lori kuliko magodoro.

Jibu langu kwa wote huwa kwamba swali limeanzia katikati. La kwanza ni hili: sakafu hiyo itakapochakaa, na lazima itachakaa, nani ataitengeneza, kwa kitu gani, na kwa kula unene gani wa mbao?

Ubao wa sakafu wa kawaida una unene wa kama milimita 20. Unene huo wote si wako. Vibao huumana kwa ulimi na mfereji, na sehemu unayoweza kuisugua ni ile iliyo juu ya ulimi tu, kama milimita 6 hivi. Ukishaufikia ulimi au vichwa vya misumari, sakafu imekwisha. Kila inapopigwa msasa wa mashine hadi mbao tupu, huondoka nusu milimita, pengine milimita nzima, na fundi asiyeijua mashine huondoa zaidi na kuacha mabonde. Kwa vile vibao vidogo vinavyogandishwa kwa gundi juu ya zege, ambavyo baadhi havizidi milimita 8 au 10 kwa jumla, hesabu ni finyu zaidi. Kwa hiyo sakafu ya mbao huanza maisha ikiwa na akiba ya misasa michache, na kila unapopaka kitu kisichofaa kisha ukalazimika kukikwangua, umechota kwenye akiba hiyo.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mama wa watoto wanne, alitandika sebule yake libuyu, ile mbao nyekundu inayoletwa kutoka misitu ya Congo. Fedha alikopa kwenye kikundi chao cha akiba. Fundi wa fenicha akampakia laka ileile anayopakia makabati. Siku ya kwanza sakafu ilimeta kama kioo, watu wakaja kuitazama. Msimu wa pili wa mvua haukwisha kabla haijaanza kubanduka kama magamba ya samaki, kuanzia mlangoni hadi kwenye korido ya kwenda jikoni. Fundi wa pili akamwambia dawa ni moja tu: kuleta mashine, kukwangua chumba kizima na kupaka laka upya. Nilipoitwa, tuliangalia kwanza pale kwenye kizingiti ambapo ubao ulikuwa wazi ubavuni. Unene wake wote ulikuwa milimita 14, na juu ya ulimi hazikufika 5. Kwa mtindo ule wa kukwangua kila baada ya misimu miwili, mkopo ungekuwa haujapoa na sakafu ingekuwa imeshafika kwenye ulimi.

Kosa halikuwa la mbao. Laka ya fenicha, ile ya selulosi inayochanganywa na thina na kukauka ndani ya dakika chache, ni nyembamba na ni kavu mno. Inafaa kabati kwa sababu hakuna anayetembea juu ya kabati. Sakafu hukanyagwa, huburuzwa viti, humwagikiwa maji, na mbao yenyewe huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Laka haiwezi kufuata mwendo huo. Hupasuka, maji hupenya chini yake, kisha huinuka.

Ukienda dukani ukataja sakafu ya mbao, muuzaji anayejua kazi yake atakuonyesha vanishi ya sakafu, ambayo siku hizi kwa kawaida ni ya poliurethani. Ziko za aina mbili. Ile ya mafuta ina rangi ya asali, huifanya mbao ionekane na joto zaidi na huzidi kuwa ya njano kadiri miaka inavyokwenda. Hupakwa mikono mitatu, na kati ya mkono na mkono unasubiri karibu siku nzima. Harufu yake ni kali. Ile ya maji huonekana kama maziwa ndani ya kopo lakini hukauka ikiwa angavu. Unaweza kupaka mkono mwingine baada ya saa chache, na harufu yake inavumilika, ingawa bei yake mara nyingi iko juu. Ukipaka mkono wa kwanza wa vanishi ya maji, usishtuke sakafu ikiwa na vinyweleo. Maji yamesimamisha nyuzi za mbao. Subiri ikauke, pitisha msasa laini, futa vumbi, endelea.

Hapa niingize jambo dogo la historia, maana vijana wengi hudhani vanishi ni kitu kilicholetwa na Wazungu tu. Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa ardhini katika pwani ya Mrima, ilipelekwa Unguja na kusafirishwa hadi Salem kule Massachusetts, Marekani, na hadi Ulaya. Huko iliyeyushwa na kuchanganywa na mafuta, ikawa vanishi ya magari ya farasi na fenicha za matajiri. Kabla viwanda havijatengeneza gundi za plastiki, ugumu wa vanishi nzuri ulitoka kwenye udongo wa Waswahili. Watu wa pwani waliuza mali ghafi, wakanunua bidhaa iliyokamilika. Tabia hiyo hatujaiacha.

Turudi kwenye sakafu. Vanishi ya poliurethani, ya mafuta au ya maji, hukaa juu ya mbao kama ngozi. Faida yake ni kwamba huhimili maji yaliyomwagika, chai, na soksi za watoto wanaoteleza kutoka ukuta huu hadi ule. Udhaifu wake ni kwamba ikikwaruzwa hadi kwenye mbao, huwezi kuweka kiraka kisionekane. Lakini kuna siri ambayo mafundi wengi hawaisemi, ama hawaijui. Vanishi ikianza kufifia mlangoni na kwenye njia, huku mbao ikiwa bado haijaguswa, huna haja ya kukwangua. Unapitisha msasa laini juu juu ili kuondoa mng'ao, unafuta vumbi vizuri, unapaka mkono mmoja mpya chumba kizima. Unene wa mbao unabaki ulivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ukingoja mpaka njia igeuke rangi ya kijivu, maji yameshaingia kwenye nyuzi, na hapo ni mashine tu.

Mafuta ni habari nyingine. Mafuta ya mbegu za kitani hayakai juu. Huzama kwenye mbao na kugandia mle kwa kuvuta hewa ya oksijeni. Yale mabichi huchukua siku nyingi kukauka. Yale yanayouzwa kwa jina la mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kwa kawaida huwa yametiwa dawa za madini za kuharakisha ukaukaji, kwa hiyo yasikaribie chakula. Unapaka kidogo, unasubiri kama robo saa, kisha unafuta yote ambayo mbao imeyakataa. Ukiyaacha yakiwa mazito yatabaki yakinata kama jemu, na kila kandambili itaacha alama.

Kuna mama mmoja aliniuliza kwa nini asitumie mawese, yaliyo tele na rahisi. Mawese ya Rumonge, hata yawe matamu vipi kwenye maharage, hayakauki. Yatabaki mbichi ndani ya mbao, yatachacha, yataokota vumbi lote la mtaa.

Juu ya mafuta unaweza kuweka nta. Kwa mtu aliyekulia Tabora hapa ndipo roho inapotulia. Mkoa ule ni wa nyuki. Warina asali hutundika mizinga ya magome juu ya miti ya miyombo, na masega yakishakamuliwa asali, nta huyeyushwa na kuuzwa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Kwa sakafu tulikuwa tunaweka robo kilo ya nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, na ikishayeyuka tunaiondoa kabisa motoni, tunakwenda nayo uani, ndipo tunamimina lita moja ya tapentaini huku tunakoroga. Ikipoa inakuwa laini kama samli. Unapaka kwa kitambaa, unaacha ikauke, unasugua hadi mkono uume. Mng'ao wake hauna kelele kama wa laka. Ila nta peke yake ni laini, na tone la maji likikaa juu yake huacha doa jeupe. Kwa hiyo nta bila mafuta chini yake sikushauri, labda chumba cha wageni wasiokuja.

Faida kubwa ya mafuta na nta ni ukarabati. Pale penye doa unasugua pale pale kwa mkono, unapaka mafuta, unafuta, basi. Huhitaji mashine wala fundi, wala kuhamisha nyumba nzima. Gharama yake ni kwamba utafanya hivyo kila mwaka, au kila njia inapoanza kuwa kavu. Familia isiyopenda kazi hiyo isijidanganye.

Yule mwenzangu tulimpeleka njia hii, na mashine haikuja. Laka ya selulosi ina tabia moja nzuri: hata ikikauka miaka, thina yake huiyeyusha tena. Tulifungua madirisha yote, tukaweka kitambaa chenye thina kwenye eneo dogo dogo, laka ikalainika, tukaikwangua kwa kipande cha chuma chenye makali tukifuata nyuzi. Ilichukua Jumamosi tatu. Mbao iliyoondoka haipimiki. Kisha msasa wa mkono namba 100, mafuta mikono miwili, nta. Sakafu yake sasa haimeti kama kioo, na wifi yake alisema wazi kwamba ilikuwa nzuri zaidi zamani. Lakini njia ya mlangoni anaitengeneza mwenyewe na binti zake, na unene uko palepale.

Sisemi kwamba mafuta ndiyo jibu la kila nyumba. Nyumba ya kupangisha, au sebule ya watu ambao hawawezi kuacha kupiga deki kwa ndoo nzima ya maji, ningeipaka vanishi ya sakafu na kumwekea mwenye nyumba tarehe ya kuongeza mkono mmoja kabla haijachelewa. Jikoni hata sitandiki mbao.

Kama nyumba ni ya zamani na hujui kilichopakwa, jaribu pembeni kwanza, nyuma ya mlango. Dondosha tone la maji. Likizama na kuacha weusi baada ya dakika chache, hakuna kinga iliyobaki, au ni mafuta yaliyochoka. Likiacha weupe baada ya dakika kumi, shuku nta. Thibitisha kwa kitambaa chenye tapentaini. Kikitoka na rangi ya kahawia yenye utelezi, ni nta. Hatua hii si mchezo, kwa sababu vanishi haishiki juu ya nta. Zile polishi nyekundu tulizozoea kusugulia sakafu za saruji ni nta hizohizo. Msichana wa kazi akizipaka juu ya vanishi kwa nia njema, siku utakapotaka kuongeza mkono mmoja utakuta vanishi mpya inajikusanya kama maji kwenye jani la gimbi.

Aina ya mbao nayo ina maneno yake. Libuyu haina makuu. Hupokea karibu kila kitu. Mvule, mtiki na jamii ya mninga zina mafuta na utomvu wa asili unaoweza kuzuia vanishi ya mafuta isikauke, ikabaki ikinata kwa siku kadhaa. Futa mbao kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka, mkono wa kwanza uwe mwembamba, na jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Kuhusu mkaratusi, ambao sasa unapasuliwa kila kilima, ugumu upo, ila ukitandikwa kabla haujakauka hujikunja na kupasuka. Hakuna vanishi wala mafuta yatakayouzuia. Kila kipakwacho hupunguza tu kasi ya unyevu kuingia na kutoka. Ndiyo maana fundi mzuri huacha nafasi ya milimita 10 hadi 15 ukutani na kuifunika kwa ubao mwembamba, ili sakafu ipate pa kutanukia.

Msasa uwe wa hatua: namba 40 kama kuna vanishi ya zamani, kisha 60 au 80, kisha 100 au 120. Usizidishe. Mbao iliyolainishwa mno hukataa kunywa mafuta, na vanishi hukosa pa kushikia.

Sasa yale ambayo ningependa kila mzazi ayasome, hata aliyeruka aya zote za juu.

Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani huwaka vyenyewe. Si hadithi. Mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto, na kitambaa kikikunjwa au kurundikwa kwenye pipa la taka, joto hilo halina pa kutokea. Hupanda mpaka moto unalipuka saa kadhaa baadaye, wakati fundi ameshakwenda nyumbani na nyinyi mmelala. Vitandaze nje kimoja kimoja juu ya zege mpaka vikakamae, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji. Msiwaachie watoto kazi hii.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, hufika jikoni kwenye jiko la mkaa. Siku ya kupaka vanishi ya mafuta au kutumia thina, moto wote uzimwe, mpike kwa jirani, na mama mjamzito na watoto walale kwingine mpaka harufu iishe. Vanishi zile zinazochanganywa kopo mbili waachieni wenye vifaa vya kujikinga. Kichanganyiko chake kinaweza kuharibu mapafu.

Vumbi nalo tunalidharau kwa sababu halinuki. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na linalotajwa zaidi ni vumbi la mbao ngumu na saratani ya pua. Vumbi la mvule huwasha pua na kifua hata siku hiyohiyo. Kitambaa cha kufunga usoni hakitoshi; nunua barakoa ya vumbi yenye kichujio, ya kwako na ya fundi, kwa maana fundi hatanunua.

Baada ya hapo sakafu haitaki mengi. Adui yake mkubwa ni mchanga, ulio mgumu kuliko vanishi yoyote na husagwa chini ya viatu kama msasa. Desturi ya kuvua viatu mlangoni, ambayo ndugu zetu Waislamu wa Buyenzi hawakuhitaji kufundishwa na fundi yeyote, inaokoa sakafu kuliko kopo la bei ghali. Fagia kwa ufagio laini, kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Bandika vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti.

Na msiharakishe kurudi. Kwa vanishi ya mafuta, tembeeni kwa soksi baada ya siku moja, rudisheni viti baada ya siku tatu au nne kwa kuvibeba bila kuviburuza. Ile ya maji huwahi zaidi. Zulia lingoje karibu mwezi, kwani vanishi ya mafuta huendelea kukomaa muda wote huo ingawa mkono hauhisi kitu, na lile lenye mpira chini yake msilitandike kabisa juu ya mbao, kwa sababu mpira huacha madoa yasiyotoka.